Mana Iwabuchi: bingwa wa dunia akiwa na miaka 18, mstaafu akiwa na 30

Swali: "Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari mkoani Morogoro. Tangu Serengeti Girls, timu ya Tanzania ya wasichana walio chini ya miaka 17, walipofungwa na Japani mabao 4–0 katika Kombe la Dunia kule Goa, India, mwaka 2022, nimekuwa nikifuatilia soka la wanawake la nchi hiyo. Kila ninapouliza ni nani aliyekuwa mshambuliaji wao hodari baada ya kizazi cha Homare Sawa, nahodha wa mabingwa wa dunia wa mwaka 2011, natajiwa Mana Iwabuchi. Lakini nikitazama rekodi yake katika klabu za Ulaya sioni mabao mengi, tena alistaafu akiwa na miaka 30 tu, na hakuwamo kwenye Kombe la Dunia la mwaka 2023. Je, hasifiwi kupita kiasi? Nauliza pia kwa sababu ninaye mshambuliaji wa miaka 15, mfupi sana, ambaye wenzangu wananishauri nimhamishie pembeni."

Jibu: Mwalimu, mashindano uliyoyataja ndiyo hasa yaliyomtambulisha Iwabuchi kwa ulimwengu. Kombe la Dunia la wasichana walio chini ya miaka 17 lilichezwa kwa mara ya kwanza nchini New Zealand mwaka 2008, naye, akiwa na umri wa miaka 15 kama huyo msichana wako, alipewa Mpira wa Dhahabu, yaani tuzo ya mchezaji bora wa mashindano yote. Japani haikufika hata nusu fainali. Ilitolewa na England katika robo fainali kwa mikwaju ya penalti, baada ya sare ya 2–2. Si kawaida tuzo ya namna hiyo kumwendea mchezaji ambaye timu yake imekwisha kufungasha virago, na waliompa walikuwa wanatazama kitu kingine zaidi ya matokeo.

Jibu langu kwa swali lako la kwanza ni kwamba Iwabuchi hasifiwi kupita kiasi, ila mara nyingi anasifiwa kwa jambo ambalo si lake hasa. Watu humtaja kama bingwa wa dunia wa mwaka 2011, na kweli alikuwa na medali hiyo, lakini mchango wake katika ubingwa ule ulikuwa mdogo. Kazi iliyo yake mwenyewe ilikuja baadaye, kati ya mwaka 2015 na 2021, wakati ambapo timu ya taifa ya Japani, inayojulikana kwa jina la Nadeshiko, ilikuwa inashuka na kujijenga upya, na wapenzi wengi wa soka nje ya Asia walikuwa wamekwisha kugeuzia macho kwingine.

Alizaliwa tarehe 18 Machi 1993 huko Musashino, katika eneo la Tokyo, akaupenda mpira kwa kumfuata kaka yake, Ryota, ambaye naye alikuja kuwa mchezaji wa kulipwa. Akalelewa katika kikosi cha vijana cha Nippon TV Beleza, klabu ya Tokyo ambayo kwa miaka mingi imekuwa tanuri la kuoka wachezaji wa timu ya taifa. Sawa mwenyewe alipitia hapo. Iwabuchi alianza kucheza kikosi cha wakubwa angali mwanafunzi, na mashabiki wakamwita "Manadona", jina lililounganisha Mana na Maradona. Majina ya namna hii hutolewa ovyo katika soka, lakini safari hii walioliunga walikuwa na sababu: msichana wa sentimita zipatazo 155, mwenye mwili ulio karibu na ardhi, aliyekuwa akiupokea mpira mabeki wakiwa mgongoni na kugeuka nao kabla hawajajua ameelekea upande gani. Mwezi Februari mwaka 2010, kabla hajatimiza miaka 17, aliitwa timu ya taifa ya wakubwa.

Kombe la Dunia la mwaka 2011 nchini Ujerumani alilikuta akiwa mdogo kuliko wote kikosini. Kocha Norio Sasaki alikuwa na Sawa, Aya Miyama, Shinobu Ohno, Kozue Ando na Yuki Nagasato, na hakukuwa na sababu ya kumwanzisha kijana wa miaka 18 mbele yao. Alimtumia kama mchezaji wa akiba wa kuwasumbua mabeki waliokwisha kuchoka, na ilifaa tangu mechi ya kwanza, dhidi ya New Zealand mjini Bochum, ambapo Iwabuchi aliingia kipindi cha pili matokeo yakiwa 1–1, akakokota mpira kuelekea eneo la hatari, akaangushwa, na Miyama akaufunga mpira wa adhabu uliotokana na faulo hiyo. Katika fainali ya Frankfurt dhidi ya Marekani, iliyokwisha kwa 2–2 na Japani kushinda kwa penalti 3–1, aliingizwa zikiwa zimebaki dakika chache mno kabla ya muda wa nyongeza kumalizika. Ukitaka kuwa mkali utasema alikuwa bingwa wa dunia kwa kuketi benchi. Hata hivyo nchi iliyokuwa imetoka kupigwa na tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi mwaka uleule haikuwa na nia ya kuhesabu dakika za mtu mmoja mmoja, na timu nzima ikapewa Tuzo ya Heshima ya Taifa, ambayo hadi wakati huo haikuwa imewahi kutolewa kwa timu.

Mwaka mmoja baadaye likatokea tukio ambalo, kwa maoni yangu, linamweleza vizuri zaidi kuliko medali ile. Fainali ya Olimpiki ya London ilichezwa Wembley tarehe 9 Agosti 2012 mbele ya watazamaji 80,203, na Japani ilikuwa nyuma kwa 2–1 dhidi ya Marekani walewale. Katika dakika ya 83 Iwabuchi, aliyekuwa ametoka benchi, alimnyang'anya mpira nahodha wa Marekani, Christie Rampone, akabaki na kipa peke yake, akapiga shuti lililoelekea pembeni ya lango, na Hope Solo akaruka upande wake wa kushoto akalitoa. Shuti lilikuwa zuri, na kipa alikuwa bora zaidi. Hapo unamwona kijana wa miaka 19 ambaye hakusubiri kuletewa mpira bali aliusaka mwenyewe miguuni mwa beki mzoefu kuliko mabeki wote uwanjani, na unaona pia jinsi alivyokuwa amebakiza hatua moja kabla ya kuwa mshambuliaji kamili. Japani ilirudi na medali ya fedha.

Mwishoni mwa mwaka huohuo alihamia Ujerumani, na sehemu hii naomba uitazame kwa makini, kwa sababu ndiyo inayowapoteza wengi wanaosoma takwimu. Hakwenda klabu kubwa. Alikwenda Hoffenheim, iliyokuwa daraja la pili, akasaidia kuipandisha mwaka 2013, kisha mwaka 2014 akasajiliwa na Bayern Munich. Msimu wake wa kwanza pale Bayern ilitwaa ubingwa wa Ujerumani bila kupoteza mechi hata moja, ubingwa wake wa kwanza tangu mwaka 1976, na msimu uliofuata ikaurudia. Ana, basi, medali mbili za ligi ambayo wakati ule ilikuwa miongoni mwa ligi ngumu kuliko zote duniani. Kilichomzuia kuwa nguzo ya timu hiyo hakikuwa kimo wala lugha. Yalikuwa majeraha yaliyomrudia mara kwa mara, ya goti hasa, hata mwaka 2017 akaiacha Bayern na kurudi nyumbani kujiunga na INAC Kobe Leonessa. Wewe ni mwalimu wa michezo, kwa hiyo unajua uzito wa jambo hili kwa mchezaji ambaye silaha yake ni kugeuka ghafla: goti linalotiliwa shaka halimpunguzii kasi tu, linamfanya aanze kufikiri pale ambapo zamani alikuwa anatenda.

Katikati ya miaka hiyo ya Ujerumani, hata hivyo, ndipo alipoanza kuibeba Japani. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2015 nchini Kanada alitoka benchi katika robo fainali dhidi ya Australia mjini Edmonton, na katika dakika ya 87, mpira uliotokana na kona ulipokuwa unagongana na miguu ya watu ndani ya boksi, yeye ndiye aliyeufikia na kuutia wavuni. Mechi ikaisha 1–0. Si bao la kuonyeshwa watoto kwa uzuri wake, ila liliipeleka Japani nusu fainali, na hatimaye fainali, ambako ilipigwa na Marekani 5–2.

Mwezi Desemba mwaka huo Sawa alistaafu, na miezi michache baadaye mambo yakaharibika. Mechi za kufuzu Olimpiki ya Rio zilichezwa Osaka, nyumbani kabisa, na Japani ikashindwa kufuzu. Nafasi mbili za Asia zikachukuliwa na Australia na China. Iwabuchi alifunga bao pekee katika ushindi wa 1–0 dhidi ya Korea Kaskazini, lakini hiyo ilikuwa mechi ya mwisho na mlango ulikwisha kufungwa. Sasaki akaondoka, Asako Takakura akawa mwanamke wa kwanza kuifundisha Nadeshiko, na kizazi cha mabingwa kikaanza kutawanyika. Iwabuchi alikuwa na miaka 23. Kwa umri alikuwa kijana, kwa uzoefu alikuwa mkongwe, na kuanzia hapo timu ilijengwa huku yeye akiwa katikati yake.

Mwaka 2018, kwenye Kombe la Asia lililochezwa Amman, nchini Jordan, alifungua ukurasa wa mabao katika nusu fainali dhidi ya China, iliyoisha 3–1. Fainali dhidi ya Australia iliamuliwa na bao moja la Kumi Yokoyama dakika za mwishoni, na Iwabuchi akatangazwa mchezaji bora wa mashindano. Ningeulizwa ni mashindano gani yanayostahili kuwekwa mbele ya jina lake, ningeyataja haya kabla ya Frankfurt bila kusita.

Sasa niseme alikuwa anafanya nini hasa uwanjani, maana bila hilo hesabu ya mabao itaendelea kutudanganya sote wawili. Iwabuchi hakuwa straika wa kusimama mbele akingoja krosi, kazi ambayo katika timu ile ilikuwa ya Yuika Sugasawa. Yeye alikuwa mshambuliaji wa pili, anayeshuka hatua chache na kukaa katika uwazi ulioko baina ya viungo wa upinzani na mabeki wao wa kati, mahali ambapo kiungo anadhani ni kazi ya beki kumfuata na beki anadhani ni kazi ya kiungo. Kabla mpira haujamfikia alikuwa amekwisha kutazama nyuma ya bega lake, na alipoupokea mwili wake ulikuwa umekaa upande, si kuupa mgongo lango, kiasi kwamba mguso wa kwanza wenyewe ulikuwa tayari ni chenga. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2019 nchini Ufaransa alifunga dhidi ya Scotland mjini Rennes kwa shuti la kutoka karibu na ukingo wa kumi na nane, nalo ni bao zuri. Lakini katika hatua ya 16 bora, dhidi ya Uholanzi na katika uwanja uleule, alifanya kilicho bora zaidi, pale alipowavuta mabeki kumwelekea na kuupenyeza mpira kwa Yui Hasegawa, aliyekuwa anakimbia nyuma yao, naye akasawazisha. Japani ilitolewa kwa penalti ya Lieke Martens katika dakika ya 90. Katika orodha ya wafungaji wa mechi hiyo jina la Iwabuchi halimo.

Hata hivyo usidhani kwamba hakufunga. Kwa timu ya taifa aliacha mabao 37 katika mechi zinazokaribia 90, na nyingi kati ya hizo alizicheza akitokea benchi. Ni karibu mabao mawili kwa kila mechi tano, na kwa mshambuliaji wa pili hiyo ni kazi ya kuheshimika.

Alipovaa jezi namba 10 katika Olimpiki ya Tokyo, iliyosogezwa hadi mwaka 2021 kwa sababu ya korona, alikuwa amebeba namba iliyokuwa ya Sawa, na kila Mjapani alijua maana yake. Mechi ya kwanza ilichezwa Sapporo dhidi ya Kanada tarehe 21 Julai. Christine Sinclair alifunga mapema, Japani ikakosa penalti, na muda ukawa unayoyoma mpaka dakika ya 84, Hasegawa alipopeleka pasi ndefu nyuma ya ukuta wa Kanada na Iwabuchi akaipiga bila kuituliza, mpira ukadunda na kuingia pembe ya mbali. Kanada hiyohiyo ndiyo iliyotwaa dhahabu baadaye. Japani ilifungwa na Uingereza, ikaishinda Chile, kisha ikatolewa na Sweden 3–1 katika robo fainali kule Saitama, ambako mmoja wa wafungaji wa Sweden alikuwa Stina Blackstenius. Jina hilo lishike, tutakutana nalo tena.

Kuhusu England una haki ya kuuliza, kwa maana mabao yake huko kweli ni machache. Aliingia Aston Villa mwezi Januari mwaka 2021, timu iliyokuwa imepanda daraja msimu huo na iliyokuwa inapigania kutoshuka, kisha katika majira ya kiangazi akasajiliwa na Arsenal. Hapo alikuta safu ya mbele yenye Vivianne Miedema, Beth Mead na Caitlin Foord, na Januari iliyofuata akaongezwa Blackstenius yuleyule wa Saitama. Nafasi ambayo Iwabuchi aliipenda, ya nyuma kidogo ya straika, ndiyo ambayo Miedema naye alianza kuchezeshwa, na kumwondoa Miedema katika kikosi cha kwanza hakukuwa kazi ya mtu yeyote duniani wakati ule. Sitaki kumtetea kupita mpaka, Mwalimu. Mead na Miedema walipoumia magoti mmoja baada ya mwingine mwishoni mwa mwaka 2022, mtu angetarajia kwamba zamu ya Iwabuchi imefika, lakini mwezi Januari mwaka 2023 Arsenal ilimruhusu aende kwa mkopo Tottenham, mahasimu wao wa kaskazini mwa London. Klabu iliyopungukiwa na washambuliaji haimwachii mshambuliaji inayemtegemea.

Hilo linatufikisha kwenye Kombe la Dunia la mwaka 2023. Kocha Futoshi Ikeda, aliyeichukua timu baada ya Olimpiki ya Tokyo, alikuwa ameipa Japani ubingwa wa dunia wa walio chini ya miaka 20 mwaka 2018, na wachezaji aliowalea katika timu ile, akiwamo Hinata Miyazawa, ndio aliowajua na kuwaamini. Zaidi ya hayo, mwishoni mwa mwaka 2022 alibadilisha mfumo, akaweka mabeki watatu nyuma na washambuliaji wawili wanaokimbia kwa kasi pande zote mbili za straika. Ule uwazi ambao Iwabuchi aliishi ndani yake kwa miaka kumi haukufutwa, ila sasa ulitakiwa kuvukwa kwa mbio badala ya kukaliwa, na mchezaji aliyetoka kwenye majeraha na dakika chache za kucheza hakuwa na hoja kubwa ya kumshawishi kocha. Kikosi kilipotangazwa mwezi Juni jina lake halikuwamo. Wajapani wengi waliumia, nami niliona ni uamuzi mgumu lakini unaoeleweka. Japani iliifunga Hispania 4–0 katika hatua ya makundi, Hispania ileile iliyoishia kuwa bingwa, na Miyazawa akawa mfungaji bora wa mashindano kwa mabao matano. Ilitolewa na Sweden katika robo fainali.

Iwabuchi alitundika daluga tarehe 1 Septemba 2023, wiki chache tu baada ya mashindano hayo. Miaka 30 inaonekana michache, lakini hesabu kuanzia pale alipoanza kucheza na watu wazima angali mtoto wa shule, ongeza upasuaji na miezi ya kujiuguza, na utaona kwamba mwili wake ulikuwa umefanya kazi kwa zaidi ya miaka 15. Aidha, ligi ya kulipwa kamili ya wanawake nchini Japani, inayoitwa WE League, ilianza mwaka 2021 tu, wakati yeye yuko tayari England. Ligi aliyokulia ilikuwa ile ambayo wachezaji wengi walishinda kazini mchana na kufanya mazoezi jioni.

Huyo msichana wako, basi, simjui na siwezi kumpangia nafasi kutoka mbali. Ninachoweza kusema ni kwamba kimo peke yake si sababu ya kumpeleka pembeni, kwa kuwa pembeni kunahitaji mapafu na mbio ndefu ambazo ufupi hauzileti, wakati katikati kunahitaji jicho na mguso, vitu ambavyo huenda anavyo au hana. Mpime hivi: mpigie pasi akiwa amezungukwa na wenzake wawili katika eneo dogo, nawe usitazame miguu yake bali kichwa chake kabla mpira haujafika. Akitazama nyuma mwenyewe bila kukumbushwa, mwache katikati, na mtafutie straika mwenye mwili wa kusimama mbele yake kama Sugasawa alivyosimama mbele ya Iwabuchi. Asipotazama, una miaka miwili au mitatu ya kumfundisha kabla ya kukata shauri. Na ukipata picha za mechi ile ya Uholanzi ya mwaka 2019, mwonyeshe bao la Hasegawa, lakini mwambie amfuatilie aliyetoa pasi tangu sekunde chache kabla mpira haujamfikia.